Kumvua Stilihedi Ukiwa na Mwongozaji: Mito ya Forks, Jimbo la Washington

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Kent, Tacoma, Portland au kokote Marekani, aliyesikia habari za stilihedi (kwa Kiingereza steelhead), samaki mkubwa anayepanda mtoni kutoka baharini wakati wa baridi, na anataka kwenda kumtafuta kwa mara ya kwanza bila kupoteza pesa wala kuhatarisha maisha. Mimi nimezaliwa Pangani, nimekua na mshipi wa mkono, na bado naupenda. Lakini uvuvi wa mto wa milimani, kwenye maji ya nyuzi tano za sentigredi, ni fani nyingine kabisa. Ndiyo maana nashauri safari ya kwanza umkodi mwongozaji, hata kama umevua bahari yote ya kwenu.

Jambo moja ulibebe tangu mwanzo: mwongozaji anakuuzia siku moja ya macho yake, yaani namna anavyousoma mto. Samaki hawezi kukuuzia, na anayekuahidi samaki mkimbie. Wenyeji wa huko wanasema stilihedi ni samaki wa kutupa mshipi mara elfu, na wanamaanisha hivyo hasa. Siku nzima kwa samaki mmoja ni siku njema. Siku nzima bila samaki ni kawaida.

Mjue samaki mwenyewe kwanza

Stilihedi ni trauti wa upinde wa mvua, jina la kisayansi Oncorhynchus mykiss. Ni yuleyule aliyepandikizwa na Waingereza kwenye mito baridi ya Mlima Kenya na Aberdare mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliyewahi kula trauti wa Kiganjo, karibu na Nyeri, amekula ndugu yake wa damu. Kinachowatenganisha ni safari. Trauti wa kawaida huzaliwa mtoni na kufia mtoni. Stilihedi hukaa mtoni mwaka mmoja hadi mitatu, kisha hushuka baharini akiwa na urefu wa kiganja cha mkono, akaenda kujilisha Pasifiki mpaka Ghuba ya Alaska, halafu baada ya mwaka mmoja hadi mitatu akarudi kwenye mto uleule aliozaliwa. Anaporudi, wa kawaida ana kilo tatu hadi tano, na wachache wanapita kilo tisa. Ni samaki rasmi wa jimbo la Washington tangu 1969.

Salmoni wa Pasifiki hutaga mara moja tu na kufa. Stilihedi anaweza kutaga, akashuka baharini, akapanda tena mwaka mwingine. Kwa hiyo unayemwachia leo akiwa mzima anaweza kurudi na mayai mengine. Hili ndilo linalobeba karibu sheria zote utakazozisoma huko chini.

Mito ninayoizungumzia iko upande wa magharibi wa Rasi ya Olympic, kuzunguka mji mdogo wa Forks: Sol Duc, Bogachiel, Calawah na Hoh. Calawah humwaga maji Bogachiel, Bogachiel na Sol Duc zikakutana na kuwa Quillayute, unaoingia baharini pale La Push. Hoh uko peke yake kusini kidogo, na maji yake yanatoka kwenye barafu ya Mlima Olympus. Barafu ile husaga mawe yakawa unga, ndiyo sababu Hoh una rangi kama ya maziwa yaliyotiwa buluu. Utakapouona usidhani umechafuka.

Hatua ya 1: Amua unamtaka samaki yupi

Kuna stilihedi wa kituo na stilihedi pori. Wa kituo ameanguliwa na watu, kwa mfano kwenye kituo cha Bogachiel hapo Forks, na kabla ya kuachiwa alikatwa pezi dogo la nyama lililo mgongoni karibu na mkia. Pori ana pezi lake kamili. Wa kituo hupanda mapema, Desemba na Januari. Pori hupanda zaidi kuanzia Februari hadi Aprili, na ndio wakubwa.

Ukitaka samaki wa kupeleka nyumbani akapikwe, mwambie mwongozaji hivyo waziwazi na upange Bogachiel mwishoni mwa Desemba au Januari. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Samaki wa kituo amefugwa ili aliwe. Ukitaka kumwona yule mkubwa wa pori, nenda Februari au Machi, na ujue kwamba utamrudisha majini. Tangu 2016 ni marufuku kwa mvuvi wa burudani kumchukua stilihedi pori kwenye mito hii. Nimeona watu wakigombana na mwongozaji ukingoni mwa mto kwa sababu hawakulielewa hili kabla ya kulipa. Lielewe ukiwa bado nyumbani.

Hatua ya 2: Mpate mwongozaji, na umuulize maswali haya

Bei nyingi nilizokutana nazo ni dola 500 hadi 700 kwa siku, kwa mashua moja ya watu wawili. Bei ni ya mashua, kwa hiyo mkiwa wawili mnagawana. Atataka arubuni, mara nyingi nusu. Kabla hujatoa hata senti, piga simu, usitume ujumbe tu. Sauti ya mtu inasema mengi.

Muulize kama ana leseni ya jimbo ya kuongoza wavuvi na bima. Kama safari itaingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Olympic, muulize kama ana kibali cha hifadhi, maana leseni ya jimbo peke yake haitoshi humo. Muulize atatumia mto gani, na kama huo ukijaa tope atahamia upi. Anayeijua kazi atakujibu hapo hapo: Sol Duc husafika haraka baada ya mvua kwa sababu una mawe mengi na udongo kidogo, Hoh huchelewa kuliko yote. Asiye na jibu la swali hilo hana mpango wa pili.

Kisha uliza swali lililonigharimu mimi. Mwaka wangu wa kwanza nilimlipa mwongozaji mmoja, mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, na asubuhi ile akatupeleka mtoni hivyo hivyo. Maji yalikuwa kama chai ya maziwa, magogo yanapita katikati, na saa sita mchana tulikuwa hatujaona hata mahali pa kusimama. Arubuni haikurudi. Kwa hiyo uliza: mto ukifurika, nani anaamua kuahirisha, anaamua lini, na pesa yangu inakwenda wapi? Wazuri wanakuhamishia tarehe nyingine bila maneno. Omba jibu hilo kwa maandishi.

Mwambie pia ukweli wako wote. Kama hujawahi kushika ufito wa kuvulia, sema. Kama goti linauma, kama huwezi kuogelea, kama unakuja na mzee, sema. Anapanga mashua, njia ya mto na mahali pa kushuka kwa kufuata habari hizo.

Hatua ya 3: Leseni, kadi na sheria

Kila mwenye miaka 15 au zaidi anahitaji leseni ya Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Washington. Ukiwa umeishi jimboni siku 90 unalipa bei ya mkazi. Mgeni anaweza kununua ya siku chache. Mwaka wa leseni huanza Aprili 1 na kwisha Machi 31, na hapo wengi hunaswa: leseni uliyonunua kiangazi haifai Aprili. Pamoja na leseni chukua kadi ya kuandikia samaki. Ukimchukua stilihedi wa kituo unamwandika hapo hapo kando ya mto, kwa kalamu, kabla hujatupa mshipi tena. Mwongozaji hakununulii leseni na hawezi kukutetea mbele ya askari wa samaki.

Sheria za mito hii hubadilika kila msimu, na wakati mwingine katikati ya msimu. Mwaka 2022, kwa mfano, uvuvi wa stilihedi kwenye mito ya pwani ulifungwa kuanzia Machi 1 kwa sababu samaki waliorudi walikuwa wachache mno. Kwa hiyo soma tangazo la msimu, halafu lisome tena siku mbili kabla ya safari. Yale utakayokutana nayo mara kwa mara ni haya: ndoana moja tu yenye ncha moja, isiyo na kile kijino cha nyuma kinachomzuia samaki asichomoke, hakuna chambo chenye harufu wala cha nyama, na kuanzia msimu wa 2020–21, kwenye mito mingi au sehemu kubwa ya mito, huruhusiwi kuvua ukiwa ndani ya chombo kinachoelea. Mashua inakuwa ya kusafiria. Mnateremka nayo, mnaegesha kwenye changarawe, mnashuka na kuvua kwa miguu. Muulize mwongozaji sheria ya mto wenu ikoje mwaka huo, kwa sababu inabadilisha mpaka viatu utakavyovaa.

Mjomba wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Pangani akiwa na miaka 63, alishangaa kuliko yote na hilo la chambo. "Sasa samaki tunamwita na nini, mwanangu?" Nikamwambia, na shanga, Mjomba. Akanitazama kwa muda. Nitaeleza shanga huko mbele.

Kuna jambo lingine ambalo watalii hawaambiwi vizuri. Mito hii ni ya Waquileute, Wahoh na Waquinault, makabila ya wenyeji wa asili, tangu kabla Marekani haijakuwepo. Katika mkataba uliotiwa saini 1855 na 1856 waliachia ardhi, lakini walibakiza haki ya kuvua mahali pao pa asili. Haki hiyo ilikanyagwa kwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka hukumu ya Jaji George Boldt ya 1974 ilipothibitisha kwamba wana haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Kwa hiyo ukifika mto wa chini ukaona nyavu zao, ujue unaona mkataba ukitekelezwa. Utasikia wavuvi wengine wakinung'unika, usiwafuate. Na ukitaka kuvua ndani ya ardhi ya Waquinault, lazima uwe na mwongozaji wa kabila hilo.

Hatua ya 4: Fuatilia maji, kuanzia wiki moja kabla

Kwetu pwani tunauliza kama ni bamvua au maji mafu, kusi au kaskazi. Kule unauliza mto uko futi ngapi. Idara ya jiolojia ya Marekani ina vituo vya kupimia maji, na vipimo vyake vinaonekana bure kwenye intaneti karibu saa kwa saa. Mto Hoh unapimwa pale Barabara Kuu 101 inapouvuka. Utaona kimo cha maji na wingi wake kwa futi za ujazo kwa sekunde.

Usihangaike kukariri namba. Tazama mstari unaelekea wapi. Mstari ukipanda kwa ghafla, mvua imeshuka, maji yatakuwa tope na samaki watasogea pembeni kujihifadhi. Mstari ukianza kuteremka polepole baada ya mvua, hapo ndipo moyo unapodunda: maji yanasafika, yanageuka rangi ya kijani unayoweza kuona ndani yake kwa kina cha kama mita moja, na samaki wapya wametoka baharini wakitumia yale mafuriko kupanda. Wavuvi wote wa Forks wanaisubiri rangi hiyo. Mto ukishuka sana na kuwa kama kioo, samaki wanakuona kabla hujawaona.

Angalia na barabara pia. Desemba 2024 dhoruba ilikata barabara ya Upper Hoh, na haikufunguliwa mpaka Mei 2025. Kutoka Kent au Tacoma ni karibu saa nne za kuendesha, na bonde la Hoh halina mtandao wa simu. Lala Forks usiku wa kuamkia safari, usijaribu kuondoka Kent usiku wa manane ufike na usingizi. Kulungu wakubwa wa huko hutembea barabarani gizani.

Hatua ya 5: Mavazi, chakula na ibada

Forks hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, na nyingi inanyesha miezi hii hii. Jinzi na fulana ya pamba viache hotelini. Pamba ikilowa inakaa na maji na kunyonya joto la mwili wako. Vaa sufi au kitambaa cha sintetiki karibu na ngozi, juu yake sweta nene, juu kabisa koti la mvua lisilopenyeza. Soksi za sufi, lakini usivae mbili mpaka kiatu kibane. Mguu uliobanwa unapata baridi upesi. Kofia ya sufi, na miwani, kwa sababu ndoana inapita karibu na macho siku nzima.

Ovaroli la mpira linalofika kifuani na buti zake mara nyingi mwongozaji anaazimisha; mpe namba ya kiatu mapema. Ovaroli lina mkanda wa kiunoni. Ufunge, na uukaze. Ukianguka bila mkanda, maji yanaingia mpaka miguuni na kunyanyuka kwenye mkondo kunakuwa kazi kubwa mno. Ndani ya mashua vaa jaketi la kujiokolea muda wote, hata kama wengine wamekalia yao. Kwa watoto wa miaka 12 kushuka chini ni sheria kwenye mashua ndogo kama hizi.

Chakula cha mchana mara nyingi kinatolewa, na mara nyingi ni mkate wenye nyama ya nguruwe ndani. Kama huli, mwambie siku unayolipa, au funga chako. Sisi tulibeba chapati na maharage yaliyokaushwa, na chupa mbili za chai ya tangawizi. Mwongozaji alikunywa vikombe vitatu.

Kwa wanaoswali: Januari jua huko linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kama saa kumi na nusu jioni au kupita kidogo. Adhuhuri na Alasiri zinakaribiana sana, na siku yote ya kuvua iko kati ya Alfajiri na Magharibi. Tawadha hotelini, kwa sababu kuvua ovaroli na buti kwenye changarawe yenye mvua ni shughuli. Mwambie mwongozaji kwamba utahitaji dakika kumi mchana na muda mfupi baadaye. Niliowaambia wote waliegesha mashua na kusubiri kwa heshima, na kwa kuwa mwelekeo wa kibla kutoka huko ni kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo tu, beba dira, usitegemee simu.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Mtakutana gizani, kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye egesho la mashua. Mwongozaji atashusha mashua yake, ambayo ni ya makasia, yenye sakafu bapa na pua iliyoinuka pande zote mbili. Yeye anakaa katikati akitazama mnakokwenda, na anapiga makasia kuirudisha mashua nyuma dhidi ya mkondo ili iteremke taratibu kuliko maji. Gari linahamishwa na mtu mwingine mpaka mahali mtakapotokea. Mkishaondoka hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo hakikisha dawa zako na nguo kavu ziko kwenye mfuko usiopenya maji.

Njia mbili ndizo utakazofundishwa. Ya kwanza ni ya boya, na kwa mgeni ndiyo ninayoipendekeza. Kuna boya juu, chubwi chini yake, halafu shanga moja ya rangi ya waridi au chungwa iliyopitishwa kwenye mshipi, na ndoana ndogo ikifuata nyuma yake kidogo. Shanga inafanana na yai la salmoni lililotoroka kiotani. Stilihedi anayepanda kutaga hali sana, lakini alipokuwa mdogo aliyala mayai hayo, na bado akiyaona yanapita anayachukua.

Kazi yako ni moja: shanga isafiri kwa mwendo uleule wa maji. Maji ya juu yana kasi kuliko ya chini, kwa hiyo mshipi ukilala juu utalivuta boya, na samaki atajua kuna kasoro. Nyanyua ufito, uurushe mshipi upande wa juu wa mto bila kulitikisa boya. Utafanya hivyo mara mia kwa siku. Boya likizama, au likisimama tu kwa kitambo kifupi kuliko kufumba jicho, nyanyua ufito. Usisubiri kuhisi mdonoo kama wa changu. Mara tisa litakuwa jiwe. Nyanyua tu.

Njia ya pili ni ya ufito mrefu wa mikono miwili na nzi wa manyoya, yaani ndoana iliyovalishwa manyoya. Unatupa kwa mshazari, mshipi unavuka mto kwa kupinda kama mundu, unapiga hatua mbili kushuka, unatupa tena. Ni ya polepole na ina utulivu mkubwa, lakini siku moja haitoshi kuijua. Samaki akimkamata nzi kwa njia hii usinyakue. Mwache ageuke aende, mshipi utajikaza wenyewe.

Mahali pa kutupa mwongozaji atakuonyesha, lakini muulize kwa nini pale. Hapo ndipo pesa yako inarudi. Majibu yatakuwa karibu hivi: stilihedi hupumzika kwenye maji yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea, yenye kina cha kiunoni mpaka kimo cha mtu, nyuma ya jiwe kubwa, au kwenye ule mstari mwembamba ambapo maji ya kasi yanagusana na maji tulivu. Mjomba aliuelewa huo mstari kabla sijamtafsiria. Alinyoosha kidole, akasema, "Pale, panapokutana mikondo, kama mlangoni mwa mto Pangani." Mwongozaji akauliza amesema nini. Nikamwambia. Akaegesha mashua.

Mnapotembea majini, tazama chini. Ukiona kipande cha changarawe kilicho safi na cheupe kuliko jirani zake, kama kimefagiliwa, hicho ni kiota. Samaki jike amechimba kwa mkia na kufukia mayai. Kizunguke kwa mbali. Buti moja inaweza kuponda mayai mengi. Vuka kwa hatua za kando, mguu mmoja uwe imara kabla ya kunyanyua mwingine, na mkubali mwongozaji akishika mkono wako. Ukianguka na kuchukuliwa, lala chali, miguu mbele, uelekee pembeni.

Hatua ya 7: Samaki akishika

Atakimbia. Mwache akimbie. Rili ina breki iliyopimwa na mwongozaji. Usiibane kwa mkono na usizungushe wakati mshipi unatoka. Mvuvi wa mshipi wa mkono anataka kuuvuta mshipi kwa vidole, na ndivyo mjomba alivyofanya, mshipi ukamkata kidole cha shahada. Shika ufito tu. Akisimama, zungusha. Akiruka, shusha ncha ya ufito kidogo ili mshipi ulegee. Lalisha ufito upande, umvute kwa pembeni. Ukimvutia juu anapigana muda mrefu na kuchoka mno. Usiburudike naye. Kila dakika unayoongeza inamtoa nguvu za kuishi baadaye.

Mwongozaji atasimama chini yako na wavu wa matundu laini usio na mafundo. Usirudi nyuma kwenda nchi kavu ukimburura. Samaki akipigwa na mawe anaumia ndani, na magamba yakitoka ukungu unaingia.

Hatua ya 8: Tazama pezi, kisha uamue

Akiwa wavuni, ndani ya maji, tazama mgongo kati ya pezi kubwa na mkia. Kama pale pana kovu laini lililopona, ni wa kituo. Kama mto unaruhusu, mpige kichwani mara moja kwa nguvu, mtoe damu, mwandike kwenye kadi. Kama kuna kijipezi kinene cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, huyo ni pori.

Stilihedi pori sheria inakataza kumtoa majini mzima mzima. Hata kwa picha. Lowesha mikono kwanza, vua glavu za sufi. Mkono mmoja ushike shina la mkia, mwingine ukae chini ya tumbo nyuma ya mapezi ya mbele, bila kubana na bila kugusa matamvua. Mwongozaji atachomoa ndoana kwa koleo; kwa kuwa haina jino, inatoka kirahisi. Mpigaji picha awe tayari kabla, na picha ipigwe samaki akiwa nusu ndani ya maji. Kisha mwelekeze kichwa kinapotoka mkondo, kwenye maji yanayotembea taratibu, umshikilie tu. Usimsukume mbele na nyuma. Utaona matamvua yakifunguka na kufunga. Utahisi mkia ukikaza mkononi mwako. Hapo fungua vidole.

Wa mjomba alikuwa jike, kama kilo nne na nusu, mgongo wa kijani ya chuma, ubavu mweupe wa fedha, na mstari wa waridi uliokuwa umeanza kujitokeza shavuni. Alimshika muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nilikuwa na wasiwasi na jambo hili tangu nyumbani, kwa sababu kwa mzee aliyelea watoto saba kwa samaki, kumrudisha samaki mzima majini ni kama kutupa chakula. Nilimwambia, "Mjomba, huyu ana mayai. Akitaga anaweza kurudi tena." Akasema, "Kumbe anarudi?" Nikasema, anaweza. Akafungua mkono. Jike lile lilikaa pale mbele ya magoti yake kwa pumzi tatu nne, halafu likaondoka bila kurusha hata tone.

Hatua ya 9: Baada ya safari

Bakshishi ni desturi, asilimia 15 hadi 20, na taslimu inapendeza. Usiipime kwa idadi ya samaki. Pima kwa jasho la makasia. Osha na kausha kabisa buti na ovaroli kabla ya kuingia mto mwingine, wadudu na magonjwa husafiri humo. Ukiona siku ilikuwa nzuri, panga tarehe ya mwaka ujao hapo hapo, kwa sababu Februari na Machi za waongozaji wazuri hujaa mapema.

Kadi ya samaki lazima iripotiwe idarani kabla ya Aprili 30, hata kama hukuchukua chochote. Ya mjomba niliiripoti mimi, yeye akiwa amesharudi Pangani. Wanaoandikwa humo ni samaki waliochukuliwa tu, kwa hiyo nilijaza sifuri.